Kusoma Historia ya Gari Kuukuu la Jeshi

(Maneno aliyoyasema mwenzetu mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu mlioko hapa, na ninyi wenzangu mliopata kuadhibiwa kwa kuchelewa paredi:

Nimepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti amenionya kwamba pilau haingoji mtu. Basi nianze na kitu mnachokijua nyote, yaani kengele yetu. Ile rimu inayoning'inia mwembeni ilitutoa kitandani miaka yote ile, wala hakuna aliyeuliza ilitoka kwenye gari gani. Leo asubuhi nimekwenda kuitazama. Ni nusu moja ya rimu ya vipande viwili vinavyokazwa kwa bolti, namna iliyotumiwa na majeshi ya Vita Kuu ya Pili ili tairi likiishiwa upepo lisichomoke. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana imepakwa rangi mara nyingi mno. Nitarudi kwake baadaye.

Mwenzetu mmoja wa bweni letu, ambaye leo hakuweza kufika, aliachiwa na marehemu baba yake Jeep ya zamani. Mzee alikuwa fundi katika EAEME, kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo wa jeshi la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11, ile iliyoteremka bonde la Kabaw katika mvua na tope la mwaka 1944 na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Nyumbani inasemwa kwamba Jeep hiyo mzee aliitengeneza huko huko, kisha akaikuta tena na kuinunua jeshi lilipouza magari yake.

Mwaka juzi akatokea mnunuzi kutoka ng'ambo. Alitaka gari ambalo namba ya injini na namba ya chasisi zinafanana, na kwa gari la namna hiyo angelipa vizuri sana. Namba hazikufanana. Dalali akatoa shauri lake: chukua tupa, futa namba ya injini, gonga nyingine. Mwenzetu ana watoto wanaosoma, na fedha zile zilikuwa nyingi. Kabla ya kushika tupa akanipigia simu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Jeep za vita zilitengenezwa na viwanda viwili, Willys na Ford, kati ya mwaka 1941 na 1945, nazo zilizidi laki sita. Ukizitazama toka mbali ni pacha. Lakini lala chini utazame mbele, chini ya rejeta. Chasisi ya Willys ina bomba la duara. Ya Ford ina chuma kilichokunjwa kama mfereji uliopinduliwa. Willys waliandika namba kwenye kibati kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa chasisi, mbele kushoto, nyuma ya bampa. Ford waligonga namba juu ya chuma chenyewe, upande wa kushoto, karibu na injini. Tena Ford hawakutaka sifa zao zipotee: waligonga herufi F hata kwenye vichwa vya bolti.

Kisha kuna jambo ambalo dalali hakulijua. Jeep ya Ford ilitoka kiwandani ikiwa na namba moja kwenye injini na chasisi. Ya Willys ilikuwa na namba mbili tofauti tangu siku ya kwanza. Mtu anayetafuta Willys yenye namba zinazofanana anatafuta maziwa ya kuku. Nami nilipolala chini ya gari la mzee nikaona nini? Bomba la duara. Dalali angegonga namba zake, gari lingekuwa limebeba ushahidi wa uongo wake kifuani!

Injini, hata hivyo, ilikuwa ya Ford, yenye namba ya Ford na bolti za F. Mnunuzi aliliita gari hilo chotara. Mimi naliita gari lililofanya kazi. Jeshi la Marekani lilipanga matengenezo kwa ngazi tano: ya kwanza ni dereva mwenyewe, na ya tano ni karakana kubwa za nyuma, zinazofungua gari zima na kulijenga upya. Kule injini mbovu haikusubiriwa ipone. Iliwekwa nzima, gari likaondoka, na ile mbovu ikafanyiwa ukarabati ikaingia katika gari jingine. Baada ya vita Wafaransa waliendelea hivyo hivyo kwa miaka mingi katika karakana yao ya La Maltournée, karibu na Paris, wakiunga Ford na Willys bila kubagua. Fundi aliyeambiwa gari linatakiwa kesho alfajiri hakuuliza kabila la injini.

Mtasema, si kuna makaratasi? Yapo, ila yana mipaka yake. Wamarekani walikuwa na fomu namba 478 ya kuandika sehemu kubwa zilizobadilishwa, lakini fomu ilisafiri na gari, na mwisho wa gari ndio uliokuwa mwisho wa fomu. Waingereza wana kadi za magari ya jeshi lao katika makumbusho ya Royal Logistic Corps, zinazoonyesha gari lilipangiwa wapi na lilifutwa lini. Ila ili uulize kadi lazima uwe na namba ya jeshi, na namba hiyo ilipakwa kwa rangi tu. Kwenye boneti ya Jeep ya Marekani ilianza na 20. Waingereza walianza na herufi M, na mwaka 1949 wakabadilisha utaratibu wote.

Basi nikaomba nionyeshwe boneti. Wajukuu, kwa nia njema kabisa, walikuwa wameipiga msasa mpaka chuma kikang'aa kama sahani ya harusi. Nilikaa juu ya kigoda nikanyamaza. Sina haki ya kuwalaumu. Gari langu la kwanza nililifanya vivyo hivyo, na nilijisifu.

Upande wa nyuma haukuguswa. Hapo nilisugua kwa maji na msasa laini sana, mahali padogo pa ukubwa wa shilingi, nikapata rangi nne: bluu ya mzee, kijani, kahawia, na kijani tena chini kabisa. Namba hapana.

Kilichobaki ni giaboksi. Ganda lake liliwahi kupasuka likazibwa kwa shaba nyeupe na safi, kazi ya mkono uliotulia. Pembeni ya kiraka kulikuwa na vitone vitatu vya kugonga. Nikaomba sanduku la spana za marehemu. Kila spana ilikuwa na vitone vitatu. Mama yao, ambaye macho yake sasa yamefifia, aliinama akavipapasa kwa kidole, akasema, "Huyu ndiye."

Niliwaeleza ukweli: vitone havina tarehe. Yamkini vilipigwa Burma, yamkini vilipigwa nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Hayo yote tukamwandikia mnunuzi. Akapunguza bei karibu nusu, nao wakakataa. Gari liko bandani, ada za shule zimelipwa kwa ng'ombe wawili, na dalali hanisalimii.

Ombi langu, Mwalimu Mkuu, ni juu ya ile rimu. Nimesikia darasa la mwaka huu linataka kuikwangua na kuipaka rangi mpya kwa ajili ya sherehe. Naomba niachiwe kwanza kesho asubuhi, na mafuta ya taa, kitambaa, na vijana wawili wenye subira.