Usiuze maharagwe yako
Mazungumzo na wakaaji wa kambi juu ya sukari ya damu baada ya kula

Mimi ni mhamasishaji wa afya, na ni mkimbizi kama ninyi. Leo nataka tuzungumze juu ya chakula ambacho wengi wetu tunakipokea siku ya mgao na kukipeleka moja kwa moja sokoni. Chakula hicho ni maharagwe.

Naanza na nyumbani kwetu. Mama yangu ana ugonjwa wa kisukari. Alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku, lakini kila alipopimwa, sukari ilikuwa juu. Muuguzi alimwuliza, «Mama, unakula nini?» Akajibu, «Ugali mchana, ugali jioni.» Na maharagwe? Tulikuwa tumeyauza ili tupate makaa na sabuni. Aliyeyapeleka sokoni ni mimi.

Sasa sikilizeni sababu. Ugali, mchele, viazi na mkate vina wanga mwingi. Tumboni wanga huo unageuka sukari upesi, na baada ya muda mfupi sukari imepanda katika damu. Kwa mtu mwenye afya, mwili unatoa insulini, na insulini inaiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ilete nguvu. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Sukari inabaki ndani ya damu, na pole pole inaharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Maharagwe nayo yana wanga, lakini wanga wake umefungwa ndani ya punje, pamoja na nyuzinyuzi na protini. Tumbo linahitaji muda mrefu kuufungua. Kwa hiyo sukari inaingia katika damu kidogo kidogo, kama maji yanayochujwa kwa kitambaa, si kama ndoo iliyomwagwa. Ndivyo ilivyo pia kwa njegere, mbaazi, kunde na dengu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1980 daktari David Jenkins na wenzake walitangaza utafiti wao. Watu wenye afya walipewa kiasi kilekile cha wanga, mara kutoka kwenye mikunde, mara kutoka kwenye nafaka, mikate na viazi. Baada ya kula mikunde, sukari ilipanda kwa kiasi kidogo zaidi, pungufu kwa asilimia 45 au zaidi. Mwaka 2012, huko Toronto, Kanada, wagonjwa 121 wa kisukari waligawanywa vikundi viwili kwa miezi 3. Kimoja kilikula mikunde kikombe kimoja kwa siku, kingine kilikula ngano isiyokobolewa. Sukari ilipungua kwa wote, lakini ilipungua zaidi kwa waliokula mikunde.

Mtu atasema, «Basi nitakula ugali wangu wote, na maharagwe juu yake.» Hapana. Hapo umeongeza chakula tu. Maharagwe yachukue nafasi ya sehemu ya ugali. Gawa sahani yako hivi: nusu iwe mboga kama lengalenga au sombe, robo iwe maharagwe, robo iwe ugali. Siku mboga ikikosekana, bado punguza donge la ugali na uongeze maharagwe.

Najua wengi mnayauza kwa sababu yanamaliza kuni. Fanyeni hivi:

1. Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine.
2. Yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Moto mkali ndio unaoiondoa.
3. Kisha punguza moto na ufunike chungu mpaka yaive na kulainika kabisa.
4. Nyumba mbili au tatu zipike chungu kimoja, kila nyumba ilete kuni zake kidogo.

Sasa maonyo. Maharagwe si dawa ya kisukari. Usiache vidonge wala sindano. Anayejidunga insulini asipunguze ugali ghafla bila kuzungumza na muuguzi, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Mpeni upesi maji yenye sukari, kisha mpelekeni kituo cha afya. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Akimbizwe kwa muuguzi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi anachoruhusiwa. Na wewe unayekojoa mara nyingi, mwenye kiu isiyokwisha, unayekonda bila sababu, nenda ukapimwe.

Ndugu zangu, tazameni vilima hivi, toka Gasorwe mpaka Buhinyuza. Wenyeji wetu Warundi wanalima maharagwe msimu kwa msimu, na wanayala karibu kila siku. Sisi tunapewa, tunauza. Simlaumu anayeuza, maana sabuni nayo inahitajika. Lakini kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kisukari, sehemu yake isiondoke. Siku ya mgao, kabla hamjafunga gunia la kwenda sokoni, pimeni kwanza maharagwe yake, myaweke kando.

Nyumbani kwetu tunafanya hivyo sasa. Mama bado anameza vidonge, na bado kuna siku ambazo sukari inapanda. Lakini haipandi kama zamani, na mimi sibebi tena maharagwe yake kwenda sokoni.

Mwenye swali aulize.