Kuunda Vigari na Vindege Baada ya Kustaafu

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Likawage, Wilaya ya Kilwa)



Nilipopata barua ya kuniomba niseme nanyi jioni hii juu ya maisha ya mtumishi baada ya kazi, nilistaajabu kidogo, maana mimi bado sijatimiza miaka 40, na sheria yatuambia tutastaafu tukifika 60, au kwa hiari yetu tukifika 55. Sina mamlaka ya kuwafundisha wazee namna ya kupumzika. Kwa hiyo sitafundisha. Nitasimulia habari za mjomba wangu, ambaye nyumba yake si mbali na hapa tulipo, na wengi wenu mmepata kumwona akichonga barazani. Mwenyewe amenipa ruhusa, kwa masharti mawili: nisimtaje jina, wala nisiongeze chumvi.

Mjomba alikuwa dereva wa Serikali tangu mwaka 1974 hata 2011, na miaka mingi katika hiyo aliendesha Land Rover. Ninyi mnaokumbuka barabara ya kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mwajua kazi hiyo ilikuwaje. Gari lilifika mto Rufiji likangoja pantoni pale Ndundu, na wakati wa masika dereva aliweza kulala ng'ambo akiutazama mto siku kadha wa kadha, hana la kufanya ila kufungua boneti na kuifunga.

Siku ya kustaafu aliagwa vizuri, akapewa cheti na saa ya ukutani. Kiinua mgongo alikitumia kwa busara: alimalizia nyumba, akapanda mikorosho. Fedha haikuwa taabu yake. Taabu yake ilikuwa ni mchana. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akanawa, akavaa viatu, kisha akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, hana pa kwenda. Mkazamjomba alinieleza habari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa. Mwaka wa kwanza haukwisha, mzee alikuwa amekonda, na jioni akawa hasemi na mtu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Mjukuu wake mmoja alileta kigari cha waya, kama vile watoto wetu wote wanavyounda, akamwomba babu amtengenezee gurudumu lililochopoka. Mzee akakigeuza-geuza, akasema, "Ekseli zako zimekaribiana mno. Gari hili likipanda mlima litabinuka." Akaingia ndani akatoka na futi kamba. Mtoto alipata gurudumu lake, lakini mzee hakuiweka ile futi kamba. Alichukua kijiti akachora mchangani Land Rover yake ya zamani kwa ubavu.

Land Rover ya 109 huitwa hivyo kwa sababu toka kati ya gurudumu la mbele hata kati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109, yaani sentimeta 277 hivi. Mjomba aliijua hesabu hiyo kama ajuavyo jina lake. Akasema: kila sentimeta 10 za gari la kweli ziwe sentimeta 1 ya gari langu. Basi ekseli zikawa na nafasi ya sentimeta 27 na milimita 7, na gari zima, ambalo kwa kweli lilipata mita 4 na sentimeta 44, likatoka sentimeta 44 na ushei. Hapo ndipo palipo tofauti baina ya kigari cha mchezo na mfano wa kipimo. Cha mchezo chafanana na gari. Mfano wa kipimo ni gari lile lile, limepunguzwa kwa haki kila upande, hata ukipima mlango utajua dereva wake alikuwa na urefu gani.

Watu walisema mzee amerudi utotoni. Nami, naona haya kukiri mbele yenu, nilikuwa mmoja wao. Nilikuja likizo nikamkuta amezungukwa na makopo, nikasema, "Mjomba, watu watatucheka." Hakunijibu. Alinipa tupa na kipande cha mpingo akaniambia nikilainishe kiwe gurudumu. Mabwana, kama hamjapata kuupiga tupa mpingo, msiudharau. Ni mti ambao ukiutia majini huzama, na tupa huteleza juu yake kana kwamba ni chuma. Nilifanya kazi saa mbili nikatoka na kitu kama yai. Alikichukua akakitazama, akasema taratibu, "Tairi hili limepigwa na jua." Tangu siku ile sikusema tena juu ya kuchekwa.

Mpingo aliuchagua kwa sababu moyo wake ni mweusi wenyewe kama mpira, hauhitaji rangi. Hakati mti, msitu wa kijiji una sheria zake, na yeye alikuwa mtumishi wa Serikali miaka 37. Huomba kwanza ofisini, ndipo huokota vipande vilivyoachwa na wapasuaji. Bodi hulitengeneza kwa bati la madebe, akilikata kwa mkasi na kulikunja juu ya kipande cha mninga, kisha akalehemu pembe. Vioo ni chupa za maji zilizokatwa. Kulainisha mbao hutumia majani ya msasa, kama mafundi wa zamani, ingawa msasa wa dukani upo. Asema wa dukani una haraka.

Alipomaliza, alianza kulibadili. Naona jambo hili ndilo linalompendeza kupita yote. Katika madigadi ya kulia alipiga nyundo ndogo mara moja, akatia bonyeo, kwa sababu gari la kweli liligonga mti mwaka 1983, na asema bila bonyeo lile si gari lake. Juu aliweka keria na madumu mawili. Namba imeanza kwa ST, kama ya Serikali. Lakini aliongeza pia kioo cha pembeni upande wa kushoto, ambacho gari la kweli halikuwa nacho. Nilimwuliza kwa nini. Akasema aliandika kuomba kioo hicho miaka mitatu mfululizo, na hakupewa. "Sasa nimejipa mwenyewe," akasema, "na sikujaza fomu."

Labda wako miongoni mwenu wanaofikiri bado kwamba haya ni mambo ya watoto. Nawaomba wakumbuke kwamba kiwanda cha Airfix huko Uingereza, ambacho vindege vyake vya plastiki vimeenea ulimwenguni, kilitengeneza trekta ndogo ya Ferguson mwaka 1949 ili wauzaji wa trekta waichukue na kuwaonyesha wanunuzi. Na Marekani, mwaka 1942, jeshi la maji liliomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya ndege, kwa kipimo cha inchi 1 kwa futi 6, ili askari wajifunze kutambua ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo lake. Taifa lililo vitani haliombi vitu vya kuchezea.

Nimetaja ndege, kwa kuwa mjomba naye amefika huko. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Lindi. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupitisha ndege kubwa za majini toka Uingereza hata Durban, zikifuata mto Nile na ziwa Victoria, kisha zikishuka na pwani yetu. Na Lindi ilikuwa kituo kimoja baina ya Dar es Salaam na Msumbiji. Mzee yule aliwasimulia wanawe hata alipokufa jinsi ndege ilivyotua juu ya maji, ikatulia kama jahazi, na watu wakatoka tumboni mwake. Mjomba ameisikia habari hiyo tangu utoto, hakuiona kamwe. Ndiyo anayoiunda sasa, kwa mbao za msufi kwa ajili ya wepesi, na mapanga ya injini zake nne ni bati la kopo la maziwa.

Hapa ndipo nilipopewa kazi, maana vipimo hakuwa navyo. Nilivitafuta katika simu yangu: upana wa mabawa futi 114, urefu wa mwili futi 88. Tulikubaliana mita 1 iwe sentimeta 2. Mimi nikafanya hesabu ofisini, wakati wa chakula, nikampelekea kwa karatasi safi iliyopigwa mistari. Mzee akachonga bawa mwezi mzima. Alipoliweka juu ya mwili, akaniita. Ndege ilikuwa kama bata aliyepunguzwa mabawa. Nilikuwa nimeandika futi 88 mahali pa 114. Bawa lilipaswa kuwa sentimeta 69 na nusu, likatoka 53 na nusu.

Nilingoja kukemewa. Aliishika karatasi yangu, akaisoma juu hata chini, akasema, "Mjomba, wewe ndiye karani." Hakuongeza neno. Wiki iliyofuata niliona lile bawa limekuwa sitaha ya pantoni ya Ndundu, na Land Rover imesimama juu yake ikingoja kuvushwa.

Nimalizie kwa mambo machache ambayo yeye ameniagiza niwaambie walio karibu kustaafu. Anzeni kukusanya vyombo sasa, mngali na mshahara: tupa, keekee ndogo, jiriwa, mkasi wa bati; kwa maana pensheni huona uchungu kununua jiriwa. Pimeni macho. Rangi ipakeni nje, si chumbani. Cha kwanza msikiuze, hata akija mgeni mwenye fedha; yeye alipata kuuza kigari kimoja cha mapema kwa mtalii aliyekuwa safarini kwenda Kilwa Kisiwani, na hata leo, akiisha kuswali Ijumaa, hukitaja.

Mikono yake imeanza kutetemeka kidogo asubuhi, hivyo sasa huchonga baada ya adhuhuri. Bawa la pili, la kipimo cha haki, limekwisha. Lililobaki ni madirisha, ambayo hatujui yalipangwaje upande wa kulia, na maandishi ya ubavuni. Kama kuna mwanachama ambaye kwao Lindi imehifadhiwa picha ya zamani ya ndege hiyo ikiwa majini, namwomba aniazime siku mbili tu. Nitaichukua mwenyewe, na kuirudisha mwenyewe, na vipimo safari hii atavisoma mjomba.