Mchezo ni Shule ya Haki na Wajibu



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu wadogo. Wengine husema: "Tumekosa chakula, tumekosa shule, michezo ni ya nini?" Tusikilizane. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto yalipitishwa mwaka 1989, na nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990, nao katika kifungu chake cha 31, unataja wajibu wa mtoto: kuheshimu wazazi na wakubwa, kusaidia jamaa yake. Maneno hayo ni mazito kwa mtoto wa miaka mitano. Lakini mchezo anaufahamu.

Shikeni mifano mitatu.

Wa kwanza, majina. Watoto wasimame duara. Mwenye mpira wa matambara amtupie mwenzake huku akimwita kwa jina lake. Kila mtoto ana haki ya jina. Na kila mmoja ana wajibu wa kumwita mwenzake kwa jina hilo, si kwa tusi wala kwa kabila.

Wa pili, timu. Tieni vijiwe vyeupe na vyeusi ndani ya kofia, kila mtoto atoe kimoja bila kutazama. Hivyo timu hazigawanyiki kwa lugha wala kwa kijiji walikotoka. Aliyefika jana naye anapata nafasi.

Wa tatu, maji. Watoto wapange mstari na vibidoni vitupu, kama kwenye bomba. Mmoja aruke mstari. Simamisheni mchezo, muulizeni wa nyuma: "Umesikia namna gani moyoni?" Kisha wapange wenyewe sheria yao. Haki yangu ya maji inadai ningoje zamu yangu.

Lakini mtoto hutazama kuliko anavyosikia. Kama kesho ataona ndugu ya mkuu akipita mbele ya wote bombani, mchezo wetu umekufa. Wakuu, sheria ya mstari ianze kwenu.

Tunawaomba pia mutenge kiwanja, hata kidogo, mbali na barabara na mashimo, na mama au kijana mwaminifu awaangalie watoto, wavulana na wasichana pamoja.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza mtoto katika jeshi au kundi lenye silaha. Sheria hiyo inahitaji wazazi na wakuu wa kuilinda. Mtoto anayejua kwamba ana jina, nafasi na zamu kati ya wenzake hatavutwa upesi na mwenye kumpa bunduki ili aonekane mtu.

Jioni ya leo, jaribuni mchezo mmoja.