Mpango wa Ukurasa Mmoja

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Juma lililopita tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Leo tutajifunza kuandika mpango wa kumpa fundi wa programu.

Programu ni nini? Ni maagizo yanayoieleza kompyuta, au simu yako, kazi ya kufanya. Fundi ndiye anayeyaandika. Lakini fundi hajui shida yako mpaka umweleze, na maneno ya mdomo husahauliwa. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuchukue mfano. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kina wanachama 30. Kila Jumamosi hukusanya michango, na katibu huandika katika daftari. Siku moja daftari lililowa mvua, kurasa zikagandana. Mama mmoja akasema, "Nimelipa." Katibu akasema, "Jina lako silioni." Ugomvi huo nusura ukivunje chama. Basi wakakubaliana watengenezewe programu.

Fundi aliwaletea mpango wa kurasa 40. Ulieleza rangi, picha, na hata hesabu za miaka mitano ijayo. Mwenyekiti akatia sahihi bila kuusoma. Fedha zikalipwa. Programu ilipokuja ilikuwa na mambo mengi, lakini haikumpa mwanachama stakabadhi ya mchango wake. Na stakabadhi ndiyo waliyoitaka! Fundi akawaonyesha karatasi, akasema, "Mlitia sahihi." Hakusema uongo.

Wangefanyaje? Wangeandika wao wenyewe ukurasa mmoja, wenye majibu ya maswali matano. Yaandike sasa:

1. Shida yetu ni nini? "Mwanachama hana ushahidi wa mchango wake."

2. Nani ataitumia, na nani ataruhusiwa kusahihisha hesabu? "Katibu ataandika. Kusahihisha ni katibu na mweka hazina pamoja. Wanachama wengine wana simu ndogo zisizo na intaneti."

3. Itafanya nini kwanza? "Katibu akiandika jina na kiasi, mwanachama atapata ujumbe wa simu papo hapo."

4. Haitafanya nini kwa sasa? "Haitapiga hesabu ya riba. Haitagawa faida."

5. Tutajuaje kwamba kazi imekwisha? "Kwa Jumamosi 4 mfululizo, hesabu ya programu italingana na daftari na fedha zilizomo sandukuni."

Swali la nne watu wengi huliruka. Msiliruke. Kila mtu akisema, "Ongeza na hiki," siku za fundi huongezeka, na fedha zenu hupungua. Mshika mbili moja humponyoka.

Labda utauliza, "Je, ukurasa mmoja hautaacha mambo mengi?" Utayaacha, na ni vizuri, maana mengine hamyajui bado. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurudisha mikopo yao kwa simu. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu waliitumia pia kutumiana fedha wao kwa wao. Mpango ukageuzwa, na mwaka 2007 huduma ikafunguliwa kwa wote kama njia ya kutuma fedha. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko yetu, lakini somo lake latufaa. Anza na kidogo, tazama watu wanavyokitumia, kisha geuza mpango. Ukurasa mmoja huandikwa upya kwa jioni moja. Kurasa 40 nani atazigusa?

Mkimaliza kuandika, msitie sahihi kwanza. Usomeni kwa sauti mbele ya mkutano. Mwanachama akiuliza, "Neno hilo maana yake nini?" lifuteni, mwandike jingine analolijua. Baada ya wote kuelewa, ndipo mwenyekiti na fundi watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

Ndugu zangu, mlipoanza darasa hili wengine mlitia alama ya kidole gumba kwenye karatasi msizoweza kuzisoma. Leo mwaweza kuandika karatasi ambayo fundi ataisoma, naye atapimwa kwa maneno yenu.

Zoezi: Fikiri kazi moja ndogo ya chama chako au duka lako. Jibu maswali matano, usizidi ukurasa mmoja. Juma lijalo mtasomeana darasani.

Kwaherini.