Karatasi ya Kura ya Mchujo na Namna ya Kuijaza



Siku chache zilizopita mzee mmoja alinionyesha barua ya binti yake akaaye Kent, mji ulio karibu na Seattle, katika jimbo la Washington, nchi ya Marekani. Binti huyo amekwisha kuwa raia wa huko. Aliandika ya kwamba ameletewa kwa posta bahasha ya kura, na ndani yake mna karatasi yenye majina mengi hata hajui aanzie wapi. Na mumewe amesema atazijaza karatasi zote mbili, yake na ya mkewe, ili kupunguza kazi. Baba yake akaniuliza, "Bwana, uchaguzi gani huu wa kupigiwa kura jikoni?" Nikaona ni vema nilijibu swali lake mbele yenu nyote, maana wengi wenu mna ndugu na watoto huko.

Huo ni uchaguzi wa mchujo. Kama vile nazi iliyokunwa itiwavyo katika kifumbu, ndivyo wagombea wengi watiwavyo katika mchujo ili wabaki wachache wa kushindana katika uchaguzi mkuu wa mwezi wa Novemba. Katika majimbo mengi ya Marekani kila chama hufanya mchujo wake. Washington desturi ni nyingine. Watu wa jimbo hilo waliikubali kwa kura mwaka 2004, nayo ikatumika mara ya kwanza mwaka 2008, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuiruhusu. Wagombea wa vyama vyote huandikwa katika karatasi moja, na mpiga kura, awe na chama au asiwe nacho, huchagua mtu mmoja kwa kila kazi. Wawili waliopata kura nyingi kuliko wenzao ndio waendao mbele, hata ikiwa wote wawili ni wa chama kimoja. Jina la chama lililo chini ya jina la mgombea lina maana ya kuwa yeye amekipenda chama hicho. Si kwamba chama kimemteua. Mchujo wa Rais ni mbali na huu, nao una sheria zake.

Yuko atakayesema, "Huu ni mchujo tu, nitangoja Novemba." Mtu huyo na asikie yaliyotokea. Mwaka 2016 watu watano waligombea kazi ya Mtunza Hazina wa jimbo, watatu wa chama cha Democratic na wawili wa chama cha Republican. Kura za wale watatu, kama zingejumlishwa, zilipita nusu ya kura zote. Lakini ziligawanyika mafungu matatu, na wale wawili wa Republican wakapata nafasi zote mbili. Ilipofika Novemba, mwenye kutaka kumchagua mtu wa Democratic kwa kazi ile hakumkuta katika karatasi. Tena mwaka 2024, katika kugombea kazi ya Kamishna wa Ardhi za Umma, ambaye ni msimamizi wa misitu ya jimbo na wa kuzima moto wa nyika, zilipigwa kura zaidi ya milioni moja na nusu. Wa pili na wa tatu walikaribiana hata kura zikahesabiwa upya kwa mikono, ikaonekana ya kuwa aliyeshika nafasi ya pili, Dave Upthegrove, amemzidi wa tatu kwa kura 49 tu. Mtu huyo ndiye aliyeshinda Novemba akapewa kazi. Kura 49, wasikilizaji! Watu hao wangeenea katika mabasi mawili.

Basi binti yetu afanyeje? Kwanza, asishike kalamu upesi. Mchujo hufanywa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Agosti, na karatasi hutumwa siku 18 kabla yake au zaidi, kwa hiyo ana nafasi ya kutosha. Serikali hutoa kijitabu chenye maneno ya wagombea, nacho na asome kazi mbili au tatu kila jioni. Lakini akumbuke ya kuwa maneno yale wameyaandika wagombea wenyewe, na sijapata kumwona muuza maziwa asemaye maziwa yake yamechacha. Ajiulize: kazi hii ina uwezo gani? Mtu agombeaye udiwani wa wilaya akiahidi kubadili sheria za kuingia nchini, aahidi jambo lisilo mkononi mwake. Majina atakayoyapenda ayaandike kwanza katika kipande cha karatasi.

Ndipo ajaze. Atumie wino mweusi, akijaze chote kile kiduara kilicho kando ya jina. Akijaza viduara viwili kwa kazi moja ya mtu mmoja, kura yake kwa kazi hiyo haitahesabiwa, ingawa nyingine zitahesabiwa. Kazi asiyoijua aweza kuiacha wazi. Akikosea, afuate maagizo yaliyoandikwa pale, au aombe karatasi nyingine.

Sasa nafika penye shida iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni sahihi. Karatasi yenyewe haitiwi sahihi, bali bahasha ya kurudishia. Makarani huilinganisha sahihi hiyo na ile waliyo nayo tangu mtu alipojiandikisha. Kisha bahasha hutengwa na karatasi, hata asijulikane nani amemchagua nani. Bahasha isiyo na sahihi, au yenye sahihi isiyofanana, haifunguliwi. Mwenyewe hupelekewa barua, naye hana budi kujibu kabla ya matokeo kuthibitishwa, yapata majuma mawili baada ya mchujo. Asiyeweza kuandika aweza kutia alama mbele ya mashahidi wawili. Lakini mume hawezi kumtilia mkewe sahihi, wala mke mumewe.

Na habari ya yule mume mwenye huruma ya kupunguza kazi: sheria ya nchi nzima yampa ruhusa mtu asiyeweza kusoma, au asiyejua lugha vema, kumchagua msaidizi amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mjumbe wa chama chake cha wafanyakazi. Basi mume aweza kumsomea mkewe. Kuamua ni kwa mke. Ninyi mlio Kenya mnakumbuka uchaguzi wa mchujo wa KANU mwaka 1988, watu walipopanga mlolongo nyuma ya wagombea, na kila jirani akamwona jirani yake amesimama wapi. Meza ya jikoni nayo yaweza kuwa mlolongo, kama mtu amesimama begani.

Bahasha haihitaji stempu. Masanduku ya kura hufungwa saa mbili kamili usiku wa siku ya mchujo. Atakayetumia posta aipeleke mapema, maana yatazamwa tarehe ya muhuri. Kijana wa miaka 17 atakayetimiza 18 kufika siku ya uchaguzi wa Novemba aruhusiwa kupiga kura katika mchujo. Lakini ndugu zetu wenye kibali cha kukaa tu, wasio raia, wasijiandikishe kabisa hata wakishawishiwa. Wengine wamefukuzwa nchini kwa kosa hilo.

Mzee yule alitaka pia nimwandikie binti yake jina la mtu wa kuchaguliwa. Nikamwambia simjui hata mmoja wao. Akacheka, akasema basi nimwandikie habari ya sahihi tu, kwa sababu binti yule, tangu alipokuwa shuleni, hajapata kuandika jina lake namna moja mara mbili.