Daudi Alimlilia Sauli: Ujumbe kwa Korali na Watunzi wa Nyimbo

Masomo: 2 Samweli 1:17-27, Isaya 2:4



Sauli alipokufa juu ya mlima Gilboa, Daudi angeweza kufanya sherehe. Mtu aliyemrushia mkuki na kumwinda porini amekwisha kufa! Lakini Daudi alirarua mavazi yake, akafunga, akalia hadi jioni. Kisha akatunga ombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Kabla watu wa Yuda hawajamtia mafuta kule Hebroni, alikuwa amekwisha kuwafundisha kulia.

Jambo la kwanza: Mungu haogopi wimbo wa machozi. Hapa nina toba ya kufanya. Zamani mama mmoja wa korali aliniletea wimbo alioutunga juu ya mwaka 2002, wakati mji wetu ulipozungukwa na watu wakashindwa kufika mashambani. Alitaja mmoja mmoja wale waliotoka asubuhi kutafuta sombe na mihogo wasirudi. Nikamwambia: "Mama, korali inaimba ushindi, haiimbi kilio." Alikunja karatasi yake, akaenda. Wimbo ule haukuimbwa. Wandugu, Biblia ina kitabu kizima cha Maombolezo, sura tano. Kama ningekuwa mimi mlinzi wa mlango siku ile, ningemrudisha hata nabii nyumbani na kitabu chake!

Jambo la pili: mtunzi wa kweli hafichi, wala haongezi chumvi. Daudi alikubali kwamba mashujaa wameanguka. Tena alitaja mema ya Sauli, ingawa Sauli alimtesa. Katika nchi yetu alikuwako mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974, kule Lubumbashi, alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya Kongo, na ndani yake mna vita vya Katanga na kifo cha Lumumba. Alizieleza kwa Kiswahili, lugha yetu ya kila siku. Hakungoja watu wa mbali waje kusema yaliyotupata. Na sisi wa Kindu, tulioona Wasimba mwaka 1964, tukaona vita vya 1997 na vya 1998, nani atawaeleza watoto wetu? Tukinyamaza, mwingine atawaeleza, naye atawaeleza kwa chuki.

Jambo la tatu: chombo cha mauti kinaweza kugeuzwa. Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Kule Kinshasa, mchongaji Freddy Tsimba anakusanya maganda ya masasi yaliyokwisha kupigwa, anayaunganisha kwa moto, anatengeneza sanamu za watu. Ukiisogelea sanamu, unaona mwili wa binadamu; ukisogea zaidi, unaona masasi. Hafichi kitu kilichoua, lakini amekilazimisha kumheshimu mwanadamu. Je, msalaba haukuwa chombo cha kuua? Leo ndio tunaoushika kwa tumaini. Amina?

Sasa, vijana wangu, nisikilizeni. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nyimbo nyingi zinapita katika telefone zenu. Nyingine zinalilia wafu, na hizo ni vizuri. Nyingine zinasifu bunduki na kutukana kabila zima, mama na mtoto wa kunyonya pamoja. Kabla ya kumtumia mwenzako wimbo, uupime. Je, ni wa kweli? Je, unamlilia mtu, au unamtafuta wa kuuawa? Je, ungeuimba mbele ya mjane wa upande mwingine? Daudi hakutaka habari ya Gilboa ifike Gathi, kusudi wengine wasifanye karamu juu ya maiti. Sisi nasi tusiwe Gathi ya mtu mwingine.

Sisemi tusidai haki. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu aliisikia. Lakini Mungu ndiye aliyemuuliza Kaini, tena ndiye aliyemtia alama asije akauawa.

Viongozi wa korali, mtoto akileta wimbo wa kilio, msimrudishe kama nilivyofanya mimi. Ketini naye, msikilizeni hadi mwisho, kisha muombe pamoja.

Na wewe mama, kama redio yako iko wazi asubuhi hii, nakuomba msamaha mbele ya watu wote. Kama karatasi ile imepotea, najua majina yale hayajapotea moyoni mwako. Njoo nayo Jumapili. Tutasimama, nawe utatufundisha.

Tuombe.