Picha Ambazo Sisi Hatumo

(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe ya jumuiya, sikukuu ya Uhuru)



Sisi ni wauguzi wanne wa hapa Sheffield. Tumeombwa tueleze kwa nini mnatuona asubuhi za baridi tumebeba kamera na stendi za miguu mitatu, wakati mtu aliyetoka zamu ya usiku anatakiwa awe kitandani. Kuna aliyesema tumechanganyikiwa. Tumemsikia.

Jambo lilianza na msiba. Mmoja wetu, msituulize ni nani, alifiwa na mama yake huko Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro. Baada ya mazishi, mtoto wake aliyezaliwa hapa akauliza: Bibi alipokaa kibarazani asubuhi, alikuwa anaangalia nini? Tukasaidiana kutafuta kwenye simu na albamu. Picha zilikuwa mamia. Mama na kitenge cha harusi, mama na wajukuu, mama na ile televisheni aliyonunuliwa. Kila picha mtu amesimama katikati, na mlima umejificha nyuma ya kichwa chake. Mlima umepigwa picha na dunia nzima, lakini sisi hatukuwa na hata moja inayoonyesha ulivyoonekana juu ya migomba ya mama, saa kumi na mbili na nusu, kabla mawingu hayajaufunika. Sasa mbele ya kibaraza pamejengwa ghorofa. Picha ile haipigiki tena.

Leo tunakumbuka usiku wa 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha bendera na Mwenge kwenye kilele cha mlima huo huo, mita 5,895, kikaitwa Uhuru. Watoto, ile barafu ambayo sisi tulichora shuleni kama kofia nyeupe, zaidi ya robo tatu yake imepotea tangu 1912. Wataalamu wanaweza kulinganisha kwa sababu kuna watu waliowahi kuupiga picha mlima wenyewe, bila shangazi mbele yake.

Basi tukaanza na hapa tulipo. Zamu inaisha saa moja na nusu, na Desemba jua huku linachomoza baada ya saa mbili, kwa hiyo tunawahi Mam Tor likiwa bado chini. Jina hilo maana yake ni Kilima cha Mama. Hatukukichagua kwa ajili ya jina, ila tulipoambiwa tulinyamaza kidogo. Kina mita 517 tu. Mchaga angekiita kichuguu. Lakini siku ambayo ukungu umelala bondeni, kijiji chote kinazama na bomba la kiwanda cha saruji linabaki limechomoza peke yake.

Hapo ndipo tulipojifunza mwanga. Nyumbani jua linapanda karibu wima, ile rangi ya dhahabu unaipata muda mfupi tu, ukichelewa kwa chai imekwisha. Huku wakati wa baridi jua hata saa sita mchana liko chini, vivuli ni virefu kutwa nzima. Hii baridi tunayoilaani miaka yote, kumbe kwa mpiga picha ni neema.

Simu inatosha. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Gusa skrini pale penye mwanga mkali, upunguze, mawingu yarudi. Tafuta kitu cha karibu, ukuta wa mawe au geti, kimpeleke mtazamaji mbali. Kisha subiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe, na kwa mtu aliyekimbia wodini saa kumi na mbili na nusu mfululizo, ni dawa.

Mwanzoni tuliona haya. Mzee mmoja alituuliza kwa upole kama tumepotea. Baadaye tukakutana na kazi za Ingrid Pollard, mzaliwa wa Guyana aliyekulia London. Miaka ya 1980 alipiga picha za watu weusi kwenye mashamba na vilima vya Uingereza, na wasiwasi wao ule wa kuonekana wageni akauweka humo humo. Mwaka 2022 aliteuliwa kugombea Tuzo ya Turner. Yeye watu wamo kwenye picha, tena kwa makusudi. Tangu hapo hatuinamishi kichwa tukipishana na watu njiani.

Picha zetu ziko mezani karibu na mlango. Haziuzwi. Mkienda likizo, amkeni kabla ya wenyeji, kaeni kwenye kiti cha babu au bibi, mpige kile anachokiona yeye. Muulizeni kwanza, wengine watataka waoge na kuvaa, waambieni safari hii hawamo.

Jumamosi ijayo tunaondoka hapa ukumbini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari lina nafasi tano. Watoto waje na mabuti, matope ya kule si mchezo, na chupa ya chai tutabeba sisi.